Jiwe Letu, Sahihi ya Nani? Tumwandikie Mbunge Kabla ya Kikao cha Septemba

Maneno ya vuguvugu letu mbele ya wakaaji wa Kambove, mwanzo wa mwezi wa tisa 2025



Leo hatukuja na vitenge wala mipira. Hatuna kampeni, hatuombi kura. Tumekuja na barua moja na kalamu mingi. Tunaomba mtusikilize kidogo juu ya jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulikimbia tukisema: "Ile ni mambo ya bakubwa." Ni mambo ya mapatano ambayo inchi yetu inafunga na inchi za inje. Sisi tunasema ile mambo ya bakubwa inaishia kwenye sahani yetu ya bukari, kwenye mto wetu, na kwenye kaburi za ndugu zetu wa mashariki.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Shinkolobwe iko katika teritwari yetu ya Kambove, si mbali na Likasi. Mwezi uliopita, tarehe 6 Agosti, dunia ilikumbuka miaka 80 tangu bomu la atomiki lianguke Hiroshima, kule Japani. Sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lile ilitoka kwenye udongo huu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikwisha kupeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe. Kisha, tarehe 26 Septemba 1944, Marekani, Uingereza na Ubelgiji zikapatana nani atapata uraniamu ya Kongo. Inchi tatu zilitia sahihi. Mkongo hakuwa na kiti pale. Babu zetu walichimba na kubeba, na hakuna aliyewaambia jiwe lile linaenda kufanya nini.

Bomu lilitengenezwa mbali, lakini shimo lilibaki kwetu. Mwezi wa kwanza 2004 Kinshasa ilitoa amri ya kulifunga. Mwezi wa saba mwaka ule ule liliporomoka likaua wachimbaji, kwa sababu amri ilikuwa kwenye karatasi na njaa ilikuwa kwenye nyumba.

Kuna mtu atatujibu: "Ile ilikuwa wakati wa Wabelgiji." Ni kweli. Babu zetu hawakuwa na mbunge wa kumuuliza. Sisi tuko naye. Tulimchagua mwezi wa kumi na mbili 2023, wengine walisimama kwenye mustari toka asubuhi hadi usiku. Sasa tunauliza: toka siku ile, nani kati yetu amemwandikia hata barua moja? Tukiwa na mbunge na hatumwambii kitu, tuko tofauti gani na babu zetu wa mwaka 1944?

Mwaka huu hatuna nafasi ya kunyamaza. Mwisho wa mwezi wa kwanza Goma ilianguka, mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Ndugu zetu waliuawa, wamama na wasichana walibakwa, kambi za wakimbizi zilivunjwa. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2773, likaiambia Rwanda iondoe jeshi lake na M23 iache vita. Tarehe 27 Juni waziri wetu wa mambo ya inje na mwenzake wa Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani pale Washington. Mapatano yale hayasemi paka juu ya bunduki. Yanasema pia juu ya uchumi wa eneo letu na biashara ya madini. Na toka mwanzo wa mwaka, Kinshasa na Marekani wanazungumza juu ya madini yetu.

Hatusemi mapatano ni mabaya. Mtu ambaye nyumba yake inawaka hakatai maji. Tunataka amani, na tunaitaka kuliko wale wanaoizungumzia kwenye hoteli. Lakini tunasema: ukitia sahihi kwa jina la mtu, umwonyeshe karatasi kwanza.

Tena madini hayo yanapita mbele ya mlango wetu. Ile njia ya reli ambayo wakubwa wa dunia wanaiita korido ya Lobito inatoka kwenye bahari ya Angola, inafika Kolwezi, na upande huu reli inaendelea Tenke, Kambove, Likasi, hadi Lubumbashi. Reli ilifika Kambove mwaka 1913. Imepita miaka zaidi ya 100 tunaangalia mabehewa yakienda na shaba, na ba mama bado wanauza makala pembeni ya reli. Mtu akitengeneza reli hii, nani atahamishwa? Atalipwa kiasi gani, na mbele ya nani? Tukingoja trakta zifike ndiyo tuulize, tutakuwa tumechelewa.

Angalieni pia kobalti. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kuiuza inje kwa miezi minne, kisha mwezi wa sita ikaongeza mitatu. Sababu ilikuwa kupandisha bei kwenye soko la dunia, na bei ilipanda kweli. Inawezekana ulikuwa uamuzi wa akili. Lakini mchimbaji ambaye anaishi na kiroba kimoja kwa siku, nani alimuuliza atakula nini ile miezi saba? Siasa ya inje imeingia kwenye nyungu yake bila kubisha hodi.

Sasa tusome Katiba kidogo, maana Katiba si kitabu cha maprofesa peke yao.

Kifungu cha 213 kinasema Rais ndiye anazungumza na kuthibitisha mapatano na inchi zingine. Hiyo ni haki yake, hatumnyang'anyi. Lakini kifungu cha 214 kinaendelea: mapatano ya amani, mapatano ya biashara, yale yanayogusa pesa ya serikali na yale yanayobadilisha sheria zetu hayawezi kuthibitishwa ila kwa sheria. Na sheria inapita wapi? Bungeni. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbunge hana neno juu ya siasa ya inje", mfungulie kifungu cha 214.

Kifungu cha 138 kinampa mbunge vyombo vya kazi: anaweza kumuuliza waziri swali kwa mdomo ao kwa maandishi, anaweza kumwita ajieleze, na bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Kifungu cha 58 kinasema Wakongo wote wana haki ya kufurahia utajiri wa inchi. Na kifungu cha 27, wandugu, hicho ndicho kimetuleta hapa: kila Mkongo ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema tena kwamba hakuna mtu anaweza kushitakiwa juu ya kupeleka ombi.

Pigeni hesabu na sisi. Kikao cha bunge kinafunguliwa tarehe 15 Septemba na kinafungwa tarehe 15 Desemba. Ni miezi mitatu sawasawa. Barua ikifika siku ya kwanza, jibu linapaswa kutoka kabla wabunge hawajaenda likizo. Ikichelewa, jibu litalala kwenye droo hadi mwezi wa tatu. Njo maana tumekuja leo, hatukungoja wiki ijayo.

Kuna watu wanasema barua haifanyi kitu. Tuwaonyeshe mahali ilifanya kitu.

Mwezi wa pili 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi na Rwanda mapatano juu ya madini. Wakongo wa diaspora waliandamana Brussels, na wananchi wa huko waliuliza wabunge wao: "Madini hayo yanatoka wapi?" Tarehe 13 Februari mwaka huu Bunge la Ulaya lilipiga kura: 443 walisema mapatano yale yasimamishwe, 4 tu walikataa. Kura ile haikumaliza vita, na peke yake haikuwa amri. Lakini mwezi uliofuata, tarehe 17 Machi, Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo juu ya wakubwa kadhaa wa Rwanda na wa M23, na juu ya kiwanda kimoja cha dhahabu cha Kigali. Mtu wa Ulaya anamwandikia mbunge wake juu ya mawe ya Kongo. Sisi ambao tunalala juu ya mawe hayo tunanyamaza. Hii haya ni yetu.

Lakini kuna mfano mwingine ambao unatufundisha kinyume. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilitunga sheria ambayo watu wa Kivu waliiita "Loi Obama". Wananchi wa kule, kwa roho nzuri, walisukuma wabunge wao ili makampuni yaseme kama koltani, kasiteriti, wolframi na dhahabu yao inatoka Kongo. Wanunuzi wengi waliogopa, wakaondoka. Mwezi wa tisa mwaka ule Kinshasa nayo ikafunga machimbo ya Kivu na Maniema kwa miezi sita. Wachimbaji wengi walikosa kazi, watoto wakaondolewa masomoni. Wale waliotusaidia hawakutuchukia. Walikosa tu kusikia sauti yetu. Ukiacha mwingine akusemee, atasema vile anavyoelewa yeye.

Na mfano wa tatu uko jirani, Kolwezi. Mwaka 2008 tulifunga mapatano na Wachina: shaba na kobalti kwa barabara na hospitali. Wengi wetu tulipiga makofi, tukasubiri barabara. Miaka 15 baadaye, mwezi wa pili 2023, wakaguzi wa fedha wa serikali yetu wenyewe, IGF, walisema Kongo ilipata kidogo kuliko ilivyopaswa. Mwezi wa tatu 2024 mapatano yakarekebishwa, pesa ya barabara ikapanda kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7. Kama maswali ya 2023 yangeulizwa kwa nguvu mwaka 2008, na sisi tukiwa nyuma ya waliouliza, watoto waliozaliwa mwaka ule wangekuwa wamesoma kwenye shule zenye paa.

Basi tunaomba nini? Barua yetu iko na mambo matatu tu, ili mbunge asiseme hakuelewa.

Kwanza, mapatano ya Washington na mapatano yoyote juu ya madini yaletwe bungeni kama kifungu cha 214 kinavyotaka, yajadiliwe mbele ya watu, na yachapishwe yote. Si muhtasari, yote. Na yatafsiriwe katika lugha zetu nne za taifa: Kiswahili, Lingala, Ciluba na Kikongo. Mama ambaye shamba lake litapitiwa na reli ana haki ya kusoma lugha anayoielewa.

Pili, mapatano yasiuze haki za watu. Hapo tuna maana mbili. Kule mashariki, waliobaka na kuua raia wasisamehewe ili wakubwa wapeane mikono. Huku kwetu, mtu akihamishwa juu ya mugodi ao reli, afuatiwe utaratibu wa kuhamisha watu ulio kwenye kanuni za madini za 2018, na asiambiwe "sasa ni mapatano ya kimataifa, sheria ya zamani imekwisha." Sheria ya madini ya 2018 ilisema pia asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa mji ao sekta mahali madini yanachimbwa, na asilimia 25 kwa jimbo. Mapatano mapya yasiguse franga hiyo kwa mlango wa nyuma.

Tatu, tujue inchi yetu inasema nini kwa jina letu. Tarehe 3 Juni Kongo ilichaguliwa kukaa kwenye Baraza la Usalama kwa mwaka 2026 na 2027. Toka mwezi wa kwanza mwaka huu inakaa pia kwenye Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva. Ni heshima, tunaifurahia. Lakini inchi hiyo hiyo, mwezi wa tatu 2024, iliondoa kizuizi cha kuua waliohukumiwa, ambacho kilikuwepo toka 2003. Tunataka wabunge wamuulize waziri: tutaongea namna gani juu ya uhai wa watu kule Geneva, na hapa tunafungua mlango wa kunyonga? Kongo ikipiga kura juu ya vita vya inchi zingine, itasimama upande wa raia ao upande wa urafiki wa wakubwa?

Tunajua mtatujibu nini, maana na sisi tulijibu hivyo zamani.

"Kwanza maji na umeme." Ndiyo. Lakini umeme wa mugodi na giza la cité vinaamuliwa kwenye mikataba ile ile. Usitenganishe.

"Kikao cha Septemba ni cha bajeti." Vizuri sana. Mapatano yanayogusa pesa ya serikali ni mambo ya bajeti.

"Mbunge hasikii mtu." Tuwe wakweli: Katiba, kwenye kifungu cha 101, inasema mbunge anawakilisha taifa lote, na hatuwezi kumpa amri. Tunaweza kumshawishi tu. Kwa hiyo kazi yetu ni kurudi, na kurudi tena, hadi aone kwamba kunyamaza kutamgharimu kuliko kuongea.

"Tutakamatwa." Hatutawadanganya. Kuna wenzetu walilala cachot juu ya bango moja la karatasi. Lakini leo hatuwaombi maandamano. Tunaomba sahihi chini ya barua, na kifungu cha 27 kiko mgongoni mwenu. Mtu ambaye ana woga wa kweli juu ya kazi yake, asilazimishwe. Atusaidie kwa kumsomea jirani asiyejua kusoma.

Na jambo moja tunalisema kwa sauti. Barua hii si ya kuchukia kabila. Hapa kwetu tunajua chuki inazaa nini. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia zililala kwenye gare zikingoja treni, watoto wakafa pale pale. Wengine waliozaliwa hapa Katanga waliambiwa warudi "kwao" ambako hawajawahi kuona. Atakayesaini barua hii halafu akamtukana jirani juu ya pua yake ao lugha yake, ameifuta sahihi yake mwenyewe.

Sasa kazi. Mwaka uliopita tulipeleka barua kwenye ofisi moja. Msaidizi akaisoma, akaitia kwenye droo, akasema: "Mutarudi." Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu akasema hajawahi kutuona. Hatukuwa na ushahidi, na kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo tulijifunza hivi.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina kamili, mtaa, sahihi ao alama ya kidole. Asiyeishi hapa asisaini, maana jina moja la uongo linaua majina mia ya kweli. Tutengeneze kopi mbili: moja ibaki, nyingine itiwe kashe na tarehe, irudi nayo. Bila kashe usitoke kwenye mlango. Kopi zitaenda kwa wabunge wa taifa waliochaguliwa hapa, kwa maseneta wa Haut-Katanga, na kwa wabunge wa jimbo pale Lubumbashi. Hao wa jimbo ndio wanachagua maseneta, basi seneta anawasikia. Halafu kila tarehe 15, mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili, kikundi kirudi kuuliza: "Muheshimiwa, umeuliza swali letu?" Akisema ndiyo, tumshukuru mbele ya watu, tusione haya kumshukuru. Akisema hapana, tuandike hivyo, kwa adabu, bila matusi, bila jiwe, bila tairi.

Ninyi wa Lubumbashi, msitume "courage" na kidole juu peke yake. Chapeni barua hii, mpeleke kwenye kartiye zenu: Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi. Kila mbunge asikie maswali yale yale kutoka kila pembe ya jimbo.

Ba papa, ba mama, kidole kimoja hakiuwi chawa. Babu zetu walitoa jiwe lililobadilisha dunia, na hakuna aliyewauliza. Sisi hatungoji kuulizwa. Kalamu ziko hapa mbele, meza iko chini ya muembe. Wamama wenye watoto mgongoni wapite kwanza.

Tuko pamoja.